Nani Aguse Mshahara wa Mwalimu?

Mwalimu wa Butembo au wa Beni uliyerudi nyumbani na madaftari ya kusahihisha, mama muuguzi unayejiandaa kuingia zamu ya usiku, agenti wa komini, dereva wa kampuni: mazungumzo ya leo ni yenu kwanza.

Nataka tuzungumze juu ya pesa inayokatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujafika mkononi, inakwenda kwa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, kisha sehemu yake inaingia katika mambo ya siasa. Je, sheria ikataze? Katika nchi kadhaa, serikali au watu wenye uwezo wamejaribu kuikataza. Na kilichonivuta ni kwamba mara nyingine waliosimama kupinga katazo hilo walikuwa mabaraza ya miji, yaani watu ambao wenyewe ni waajiri wa walimu, wauguzi na wafagiaji wa barabara. Mwajiri anatetea haki ya chama cha wafanyakazi wake kuendelea kupata ada. Huku kwetu tumezoea kinyume chake.

Nitasema msimamo wangu mapema, ili kila mmoja apime maneno yangu akijua ninakosimama. Pesa ya sendika iruhusiwe kukatwa kwenye mshahara, hata ile inayotumika kusema mambo ya nchi, ila kwa saini ya mfanyakazi mwenyewe, na saini hiyo awe huru kuiondoa siku anayotaka. Najua wako wazee wanaotikisa kichwa sasa hivi. Nawaelewa. Tuanzie kwao.

Tarehe 20 Mei 1967 Mobutu alianzisha chama chake, MPR. Mwaka huohuo sendika tatu kubwa za nchi, UTC, FGTK na CSLC, ziliunganishwa kuwa moja, UNTC. Nchi ilipobadilishwa jina mwaka 1971 kuwa Zaïre, sendika nayo ikaitwa UNTZA. Haikuwa na mwenzake. Ukiwa mfanyakazi wa serikali, wa reli, wa shamba kubwa la kahawa au la chai, chama chako kilikuwa hicho, na ada yake mwajiri aliikata moja kwa moja. Hakuna aliyekuja kukuuliza kama unakubali. Mwaka 1974 katiba ikaifanya MPR kuwa ndiyo taasisi ya pekee ya nchi, na kila Mzaïre akahesabiwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Sendika ikawa tawi la chama, chama kikawa serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa. Sasa niambieni, ile pesa iliyokatwa ilikuwa ada ya nani?

Tazama safari ya mtu mmoja tu, André Bo-Boliko. Alikuwa kiongozi wa UTC, akawa mkuu wa UNTC mwaka 1967. Mwaka 1970 akawa spika wa bunge. Mwaka 1979 akawa waziri mkuu, kwa jina la wakati ule la Premier Commissaire d'État. Mtu aliyewekwa kutetea wafanyakazi mbele ya serikali aliishia kuiongoza serikali yenyewe, na njiani hakuvuka mpaka wowote kwa sababu mpaka haukuwako. Mfanyakazi alipotaka kugoma, aliyemzuia wa kwanza alikuwa delege wake mwenyewe, yaani mjumbe wake wa sendika.

Kwa hiyo mzee wa Beni aliyefanya kazi miaka ile akisikia leo kwamba mahali fulani sheria inataka kukataza pesa ya siasa isikatwe kwenye mshahara, atasema: hiyo ni sheria nzuri, sisi tuliikosa. Ningekuwa na umri wake labda ningesema vilevile. Lakini tuangalie vizuri kilichomwumiza. Je, aliumia kwa sababu pesa ilipita kwenye karatasi ya mshahara, au kwa sababu hakuulizwa, hakuwa na sendika nyingine ya kukimbilia, na akijitoa atahesabiwa adui wa taifa? Kama UNTZA ingekuwa inatuma delege kukusanya pesa mkononi nyumba kwa nyumba, mzee huyo angekuwa huru zaidi? Sidhani. Angetoa tu, tena mbele ya macho ya majirani.

Twende mbali kidogo. Uingereza walianza kugombana juu ya jambo hili zamani sana. Mfanyakazi mmoja wa reli, Walter Osborne, katibu wa tawi la chama chake cha wafanyakazi, alikataa ada yake isitumike kukisaidia chama cha Labour. Alikwenda mahakamani, na Desemba 1909 korti ya juu kabisa ikampa haki. Hapa kuna jambo dogo linaloonyesha uzito wa uamuzi ule: wakati huo wabunge wa Uingereza hawakulipwa mshahara. Tajiri aliyeingia bungeni aliishi kwa mali yake. Fundi wa mgodi aliyeingia bungeni aliishi kwa michango ya sendika. Ukikata michango, unamtoa fundi bungeni, tajiri anabaki amekaa. Mishahara ya wabunge ilianza mwaka 1911. Na mwaka 1913 ikaja sheria ya maelewano: sendika iruhusiwe kutumia pesa katika siasa, ila wanachama wapige kura kwanza, pesa hiyo iwekwe katika mfuko wake peke yake, na asiyetaka aandike kwamba hataki, bila kupoteza uanachama wake.

Ndugu zangu, hilo la 1913 ningependa mlikumbuke, nitalirudia. Baada ya hapo kila serikali ilivuta kamba upande wake. Mwaka 1927, baada ya mgomo mkubwa wa 1926, sheria iligeuzwa: sasa atoe tu yule aliyeandika kwamba anataka. Mwaka 1946 Labour wakairudisha kama ilivyokuwa. Mwaka 2015 serikali ya Conservative ikaleta mswada mpya, na ndani yake ikataka kukomesha kabisa ukataji wa ada za sendika kwenye mishahara ya utumishi wa umma, shuleni, hospitalini na kwenye halmashauri. Hapo ndipo serikali za mitaa zilipoinuka. Mabaraza mengi, Scotland, Wales na hata England, yalipitisha maazimio ya kuupinga. Umoja wa serikali za mitaa za Scotland, COSLA, ulisimama upande huohuo. Hoja yao haikuwa ngumu. Walisema: hawa ni wafanyakazi wetu, mapatano haya ni kati yetu na wao, kukata ada kunatugharimu kidogo sana, na tukiwa na sendika iliyo imara tunajua tuzungumze na nani siku ya matatizo. Serikali ya taifa inaingilia nini ndani ya nyumba yetu?

Mwezi wa Aprili 2016 serikali ilirudi nyuma. Sheria iliyopita mwaka huo iliruhusu ada iendelee kukatwa, mradi sendika ilipe gharama za kazi hiyo na mfanyakazi awe na njia nyingine ya kulipa akitaka. Kuhusu mfuko wa siasa, mwanachama mpya ilibidi atoe ridhaa yake mwenyewe. Wales hawakuridhika hata na hayo, wakajitungia sheria yao mwaka 2017 kulinda utaratibu wa zamani katika utumishi wao wa umma.

Kule California, Marekani, mapendekezo ya kuibana pesa ya siasa ya sendika yalipelekwa kwa wananchi wenyewe kwa kura ya maoni mara tatu: 1998, 2005 na 2012. Mara zote tatu wananchi walikataa. Mwaka 2012 walikataa kwa zaidi ya asilimia 56. Pendekezo la mwisho, lililoitwa Proposition 32, lilionekana la haki usoni. Lilisema makampuni na sendika, wote wawili, wasichukue pesa ya siasa kwa njia ya mshahara. Usawa mtupu. Lakini kampuni kubwa haichukui pesa ya siasa kutoka kwenye mishahara ya watu. Inaitoa kwenye faida yake. Sendika haina faida, ina ada tu. Kwa hiyo kisu kilichonuiwa kukata pande mbili kilikuwa kinakata upande mmoja. Mabaraza kadhaa ya miji huko yalikataa pendekezo hilo waziwazi, na nadhani sababu ni kwamba diwani wa mji anajua, kuliko mbunge aliye mbali, kwamba siku takataka zisipozolewa atapigiwa simu yeye.

Sasa turudi karibu na kwetu, kwa sababu Uingereza na California wana mahakama na daftari za hesabu ambazo sisi tunazitamani.

Tanzania walipitia njia inayofanana na ya UNTZA. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, kikaundwa kimoja, NUTA, kilichofungamana na chama tawala, TANU. Baadaye kikaja JUWATA kama jumuiya ya CCM. Walipokuja kutunga sheria mpya ya ajira na mahusiano kazini mwaka 2004, waliweka kifungu ninachokipenda. Kinahusu ada ya uwakala, yaani ile ambayo hata mfanyakazi asiye mwanachama anaweza kukatwa pale sendika yenye watu wengi inapomjadilia mkataba. Sheria inasema pesa hiyo isiende kwa chama cha siasa, wala kwa mgombea, wala kwa jambo lisiloendeleza maslahi ya wafanyakazi. Yule ambaye hakujiunga kwa hiari yake, pesa yake isinunue bendera ya mtu. Hapo mpaka umechorwa mahali pake: kwenye ridhaa.

Kenya kuna somo jingine, tena chungu. Chama cha walimu KNUT kilikuwa kimojawapo cha vyama vyenye nguvu kuliko vyote Afrika Mashariki, na ada zake zilikatwa na mwajiri, tume ya TSC, kila mwezi. Ukaja ugomvi juu ya kupandishwa vyeo na mtaala mpya. Korti ilipotoa uamuzi Julai 2019, TSC iliuelewa kwa namna ambayo wanachama wa KNUT wakakosa nyongeza waliyoipata wenzao wasio wanachama. Walimu wakakimbia. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikapoteza sehemu kubwa sana yao kwa muda mfupi, ofisi za matawi zikakosa hata pesa ya kulipa makarani. Katibu mkuu wake, Wilson Sossion, alikuwa pia mbunge wa kuteuliwa wa chama cha ODM, na wako waliosema tatizo lilianzia hapo, mtu mmoja kuvaa kofia mbili. Aliacha uongozi mwaka 2021. Mimi naona somo la pili ni kubwa kuliko hilo. Ada inapopita mkononi mwa mwajiri, mwajiri ndiye anayeshika mfereji. Siku akikasirika, anaufunga.

Kwa hiyo sitawadanganya kwamba kukatwa kwenye mshahara ni njia isiyo na hatari. Ina hatari mbili: mfanyakazi anaweza kukatwa bila kupenda, kama enzi za UNTZA, na sendika inaweza kunyamazishwa kwa kufungiwa pesa, kama KNUT. Swali letu ni kama dawa ya hatari hizo ni kupiga marufuku.

Njooni Butembo. Katika mji huu kila mtu anajua nguvu ya wafanyabiashara. Sisemi kwa kuwalaumu. Serikali ilipokuwa imetoweka, wao ndio walioagiza bidhaa kutoka Dubai na Uchina, wakafungua barabara, wakachangia kazi za mji. Wakati wa kundi la waasi la RCD-K/ML, watawala wa Beni walikuwa wakiwaendea wao kwa pesa ya forodha hata kabla mizigo haijavuka Kasindi. Mji huu umesimama kwa nguvu zao kwa kiasi kikubwa. Lakini wakati wa uchaguzi ukifika, pesa ya kampeni inatoka wapi? Mgombea anatakiwa kulipa amana isiyorudishwa, magari, tisheti, mafuta ya jenereta, chakula cha mashahidi watakaokaa vituoni usiku kucha. Mwalimu anayetaka kusimama atatoa wapi? Mwenye duka hahitaji karatasi ya mshahara ili atoe mchango. Anafungua sanduku lake. Sheria ikisema pesa ya siasa isipite kwenye mishahara, duka halitaguswa hata kidogo. Atakayekosa sauti ni yule ambaye pesa yake ya pekee ni mshahara, na ambaye bila kuungana na wenzake mia tano mchango wake hautoshi kununua hata karatasi za kutangaza mkutano.

Mtu wa sheria ataniambia: lakini ndugu, Kanuni ya Kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema sendika imeundwa kwa ajili ya maslahi ya kikazi ya wanachama wake na maendeleo yao, basi. Ni kweli, na nakubali kwamba sendika isiwe mfuko wa chama cha siasa. Sendika ikimpa mgombea fulani pesa ili apate kiti, wanachama wa chama kingine wana haki ya kulalamika, kama Osborne alivyolalamika. Ila nawauliza walimu wa Oicha, wa Mbau, wa Eringeti: maslahi yenu ya kikazi ni yapi?

Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa. Mwalimu anatoka nyumbani hajui kama njia ya shule iko wazi. Kuna shule zilizofungwa, zikahamishwa, watoto wakajazwa madarasa ya wengine, wanasoma kwa zamu. Mwalimu aliyekimbia kijiji chake mara nyingine hufuata mshahara wake mahali asipofundisha tena. Sendika ikiandika barua kudai barabara ilindwe, hiyo ni siasa au ni kazi? Mwezi wa Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikwenda kukaa mbele ya ofisi ya meya, wakalala pale siku baada ya siku wakidai amani. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema watoto wale walikuwa wanafanya kampeni. Walikuwa wanadai wafike darasani wakiwa hai, na mwalimu wao anadai hilohilo.

Au mkumbuke Butembo wakati wa Ebola. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu, wakamwua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na shirika la afya duniani kutusaidia. Siku chache baadaye waganga na wauguzi wa mji huu waliandamana, wakasema wasipolindwa wataacha kazi. Nilivyoelewa mimi, hakuna dai la kikazi lililo wazi kuliko hilo: usiniue nikiwa kazini. Na halikuweza kujibiwa na mkurugenzi wa hospitali. Lilikuwa linajibiwa na wakuu wa usalama, na serikali, na Kinshasa. Huko ndiko siasa iliko. Ukiiambia sendika ya wauguzi wa Butembo kwamba ada zake zisitumike katika lolote linalogusa siasa, umeiambia isizungumze na mtu pekee anayeweza kumlinda muuguzi.

Ndiyo maana mpaka nauweka hapa: pesa ya chama cha siasa na ya mgombea ni jambo moja, pesa ya kudai mbele ya watawala ni jingine. Ya kwanza iwekwe katika mfuko wa pekee, kama Waingereza walivyofanya mwaka 1913, na atoe anayetaka tu. Ya pili ni kazi halisi ya sendika na haihitaji kuombewa radhi.

Najua kuna kijana anayetaka kupiga simu studio kusema: mbona haya yote yamepitwa, siku hizi kila mtu ana pesa kwenye simu, atume ada yake mwenyewe, mwajiri asihusike. Kijana, umesema neno la maana, na tukikumbuka KNUT, njia ya simu inamwondoa mwajiri kwenye mfereji. Iwepo. Lakini usiku nikifikiria walimu wa N.U., wale wanaofundisha miaka na miaka bila kuingia katika orodha ya malipo ya serikali, naona kwamba sendika yao haina ada ya kukatwa wala mshahara wa kutuma. Wao hulipa wakipata. Na yule aliye kwenye orodha, siku mshahara unapofika tayari mwenye duka anamngoja, mwenye nyumba anamngoja, karo ya mtoto wa sekondari inamngoja. Ada ya sendika ni ya mwisho kukumbukwa. Hivyo ndivyo vyama vinavyokufa, polepole, bila mtu kuvipiga marufuku.

Halafu kuna hii njia ya mkononi. Mnaijua. Mwisho wa mwezi delege anakaa kwenye chumba cha walimu na kaye lake la mistari, ameandika majina kwa bic, anaweka alama mbele ya aliyetoa. Mwalimu mkuu anapita, anatupa jicho kwenye kaye. Kesho yake anajua nani ni mtu wa sendika na nani si mtu wa sendika. Kisha delege anafunga noti kwa raba, anazitia katika mfuko wa ndani wa koti, anapanda pikipiki kutoka kijijini hadi mjini kupitia barabara ambayo sisi sote tunajua habari zake. Pesa ya watu thelathini iko kifuani mwake. Akiporwa, nani atamwamini? Wenye kusema kwamba kukusanya mkononi ni uhuru zaidi, wapande pikipiki hiyo.

Na wale wanaosema viongozi wa sendika hula pesa, siwapingi. Wengine hula. Ila pesa iliyopita benki au kwenye fishi ya malipo ina maandishi, kiasi kinajulikana, mwezi unajulikana, na mwanachama anaweza kusimama mkutanoni akasema: mwaka mzima mlipokea kiasi hiki, tuonyesheni. Pesa ya kaye inategemea moyo wa mwenye kaye.

Sasa ile habari ya mabaraza ya miji. Hapa ndipo moyo unaniuma. Katiba yetu ya 2006 inautaja mji kuwa ni mamlaka inayojitegemea yenye haki zake mbele ya sheria. Sheria ya Oktoba 2008 inasema mji uwe na baraza lake lililochaguliwa, na baraza hilo ndilo limchague meya. Butembo na Beni hatujaona baraza hilo. Meya tumeletewa. Na tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, ofisi ya meya imewekwa chini ya maofisa wa polisi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Hata kura ya Desemba 2018 sisi hatukupiga pamoja na wenzetu. Tume ya uchaguzi ilitusogeza hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais akaapishwa Januari kabla yetu. Watu wa Beni walijitengenezea vituo vyao tarehe 30 Desemba wakapiga kura kwa mikono yao, ili ionekane tu kwamba wapo.

Kwa hiyo ikiwa kesho Kinshasa italeta sheria ya kukataza au ya kulazimisha, yote mawili yanawezekana katika nchi hii, hapa hakuna diwani atakayesimama kusema: hawa ni walimu wa mji wangu, mapatano haya ni yetu. Mwalimu wa Glasgow, kule Scotland, alikuwa na diwani. Wewe mwalimu wa Kyondo una nani? Una sendika yako tu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoifungia pumzi. Mahali ambapo kura haifiki au inachelewa, chama cha wafanyakazi ni mojawapo ya sehemu chache ambako watu wa kawaida bado wanapiga kura, wanachagua delege wao kazini, na wanamwondoa asipowafaa.

Hata hivyo, ofisi ya meya haiko mikono mitupu. Mji una wafanyakazi wake: wanaokusanya kodi sokoni, makarani wa etasivili, wafagiaji. Kwa hao, mji ndio mwajiri. Meya, awe wa kuchaguliwa au wa kuteuliwa, anaweza kukaa na delege wao akaandika mapatano ya namna ada itakavyokatwa, bila kungoja ruhusa ya mtu. Na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, serikali ya jimbo imekaa Beni. Mlango uko karibu kuliko ulivyowahi kuwa.

Kama ningeombwa kuiandika karatasi hiyo, ingekuwa nusu ukurasa, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mfanyakazi aandike jina la sendika anayoitaka na kiasi anachokubali kikatwe. Chini yake kuwe na swali la pekee: je, unakubali sehemu iingie katika mfuko wa siasa? Ajibu ndiyo au hapana, na hapana isimpunguzie haki yoyote. Mwisho kuwe na nafasi ya kufuta saini, na mwajiri afungwe kuheshimu ufutaji huo tangu mwezi unaofuata. Asiruhusiwe kuacha kupeleka pesa kwa sababu ya mgomo au ya maneno yaliyosemwa redioni. Na kila baada ya miezi sita hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, shuleni au hospitalini, delege akiwa amesimama na karatasi za benki mkononi, na yeyote akiwa huru kuuliza.

Delege za walimu na za wauguzi mnaonisikia, mkikutana safari ijayo, lichukueni hili kama jambo la kwanza kabla ya nyongeza ya mishahara. Iandikeni karatasi hiyo wenyewe, muipeleke kwa inspekta wa kazi na kwa meya, Butembo na Beni siku moja. Ikikataliwa, njooni hapa studio na jibu la maandishi mlilopewa, tulisome hewani.